Re: Kwanini Tazara fulaiova tu, Ubungo ghorofa tatu?

Mkuu umeuliza vizuri. Pale makutano ya Tazara, Dar, fulaiova (daraja la juu) ya Mfugale (2018) inapitisha Nyerere Road tu, yani anayewahi eapoti anapita juu fasta ila malori ya bandarini yanayofuata Mandela Road bado yapo chini yakisubiri taa. Sasa Ubungo ungefanya hivyo ungeumia, maana Mandela na Sam Nujoma zinakutana na Morogoro Road ambayo ndo njia ya Kibaha, mikoani mpaka Zambia na Kongo, na mabasi ya mwendokasi nayo yanapita hapohapo katikati, na stendi ya mkoa enzi hizo ilikuwa pembeni tu, foleni yake wee acha. Barabara za ghorofa tatu, moja juu ya nyingine, zilikuwa lazima kabisa, na kwa kweli zilichelewa, zimefunguliwa Februari 2021.