Simu ya Mezani Inapohamia Kwenye Intaneti: Maswali ya Wasomaji Walioko Uingereza

Barua za kampuni za simu zimekuwa zikiingia majumbani mwetu mfululizo, na wengi walioniandikia kuzihusu ni wazee, au ni watoto wanaowaangalia wazee wao kutoka mji mwingine. Nimeyachagua maswali matano.

*Nimeandikiwa kwamba simu yangu ya mezani itahamishiwa kwenye intaneti. Je, ninaweza kukataa? (Msomaji, Leicester)*

Kukataa kabisa huwezi, kwa sababu kinachoondolewa ni mtandao mzima wa zamani wa simu nchini Uingereza, wala si laini yako peke yake. Mitambo yake imechakaa, vipuri vinazidi kuwa adimu, na tangu Septemba 2023 laini mpya za aina hiyo haziuzwi tena. Awali ilipangwa mtandao huo uzimwe mwishoni mwa 2025, lakini tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Januari 2027, na sababu kubwa ya kuisogeza ilikuwa usalama wa watu wanaotegemea simu hiyo kuitia msaada. Unachoweza kufanya ni kupanga na kampuni yako siku inayokufaa, na kuieleza mapema hali ya afya ya watu wa nyumbani kwako. Wala usidhani kwamba ni lazima ununue kifurushi cha intaneti; asiyekuwa na intaneti anaweza kuwekewa muunganisho kwa ajili ya simu tu.

*Mwanangu, nina miaka 79 na ninaishi peke yangu. Shingoni ninavaa kitufe cha kuitia msaada nikianguka. Kitufe hicho kitaendelea kufanya kazi? (Mama, Birmingham)*

Shikamoo, mama. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, na nitalijibu kwa urefu.

Kitufe unachovaa hakipigi simu chenyewe. Ukikibonyeza, hupeleka ishara kwenye kile kisanduku kilichoko karibu na kitanda au sebuleni, na kisanduku ndicho kinachopiga simu kwenye kituo cha wahudumu wa msaada kupitia waya uliochomekwa ukutani. Laini ikihamia kwenye intaneti, tundu lile la ukutani kwa kawaida hubaki kimya, na kisanduku kisipohamishwa hakina tena njia ya kutokea. Nimeliona jambo hili kwa jirani yangu, bibi wa makamo yako: fundi alikuja, akaweka ruta, yaani kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, akaijaribu simu, akaondoka, na hakuna aliyeinama kuufuata ule waya wa kijivu uliopita chini ya kitanda hadi kwenye tundu la ukutani. Taa ya kisanduku iliendelea kuwaka kama kawaida. Siku mbili baadaye mwanawe alimwomba abonyeze kitufe, tukasubiri, na hapakuwa na sauti ya mtu.

Visanduku vya zamani vilitengenezwa kwa ajili ya laini ya waya wa shaba, na vingine hushindwa kuwasiliana vizuri na kituo hata vikichomekwa kwenye ruta. Kwa hiyo wapigie simu wale waliokupa kitufe, ama ni halmashauri ama ni shirika la huduma, uwaulize swali moja: je, kifaa changu kinafaa kwa laini ya intaneti? Kisipofaa, waombe kile kinachotumia laini ya simu ya mkononi ndani yake. Kisha iarifu kampuni yako ya simu kwamba una kitufe. Takriban watu milioni 1.8 nchini humu wana vifaa kama chako, na mnamo Desemba 2023 kampuni kubwa ziliahidi mbele ya serikali kwamba hazitamhamisha mtumiaji wa kifaa hicho kabla ya kuthibitisha kwamba kitaendelea kufanya kazi. Ahadi hiyo ni haki yako, mama, na usione haya kuidai. Siku laini itakapohamishwa, mwombe mtu awe nawe, mbonyeze kitufe, na fundi asitoke mlangoni mpaka msikie sauti ya mtu wa kituoni.

Liko pia suala la umeme. Simu ya zamani ilipata umeme wake, takriban volti 50, kupitia waya uleule wa shaba kutoka kwenye kituo cha simu, na ndiyo maana ilisikika hata nyumba nzima ilipokuwa gizani. Ruta hutegemea umeme wa nyumbani. Ukikatika, simu nayo imekatika, na namba ya dharura, 999, haipatikani kupitia laini hiyo. Kwa mtu anayetegemea simu ya mezani, mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, anazitaka kampuni zitoe bila malipo njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika. Njia hiyo yaweza kuwa betri ya akiba au simu ya mkononi, lakini mara nyingi haiji mpaka uiombe. Kwa maoni yangu saa 1 ni kidogo mno kwa mtu anayeishi peke yake, kwa hiyo weka pia simu ya mkononi iliyojaa chaji karibu na kitanda.

*Namba yangu itabadilika? Mama yangu yuko Tanga, na hii ndiyo namba pekee aliyoikariri. (Msomaji, London)*

Kwa kawaida haibadiliki, na mama ataendelea kupiga +44 kama alivyozoea. Ukiamua kuhamia kampuni nyingine, usikate mkataba wa zamani kwanza, kwani unaweza kuipoteza namba. Iambie kampuni mpya kwamba unataka kuja nayo, ishughulikie uhamisho.

*Simu ya chumbani juu itafanya kazi? (Msomaji, Reading)*

Simu iliyochomekwa kwenye tundu la ukutani chumbani kwa kawaida itanyamaza. Jawabu rahisi ni seti ya simu zisizo na waya: kitako kimoja huchomekwa nyuma ya ruta, kwenye tundu la simu ambalo wakati mwingine limezibwa kwa karatasi ya kunata, na mikono mingine huwekwa vyumbani. Simu za zamani za kuzungusha namba kwa kidole nyingi hazikubali bila kifaa cha ziada. Vilevile, katika baadhi ya huduma itakubidi upige namba kamili pamoja na tarakimu za mji, hata unapompigia jirani.

*Mtu alinipigia akasema laini itakatwa leo nisipotoa namba za kadi ya benki. Ni kweli? (Msomaji, Milton Keynes)*

Ni tapeli. Hakuna kampuni ya simu inayohamisha laini ya mtu kwa kumdai namba za kadi kwa dharura, na watumiaji wa vitufe vya msaada nao wamekuwa wakilengwa. Kata simu, kisha piga namba iliyoandikwa kwenye bili yako. Ikiwa ulimpa tarakimu zozote, piga 159 sasa hivi, namba inayokuunganisha na benki yako ikiwa imejiunga na huduma hiyo, ili kadi izuiwe.