Wadogo zangu mliookoka, kabla hamjasaini chochote

Wiki iliyopita kantini nilimwona binti mmoja wa ajira mpya akiombea chakula huku amejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Aliinamisha kichwa mle ndani, midomo ikacheza kidogo, akafunga zipu, akaanza kula wali wake. Nilitaka kulia. Siku hiyohiyo kijana mwingine, naye ameokoka, alinifuata akilalamika kwamba anapigwa vita kwa ajili ya Yesu. Nikamuuliza vita gani. Kumbe mkuu wake wa kitengo amemwambia azime mahubiri kwenye spika ya simu ili watu wasikilizane ofisini. Nawapenda wote wawili, na wote wawili wananichosha, kwa hiyo leo nasema.

1. Kuchekwa kwa ajili ya Kristo ni kitu kimoja, kuchekwa kwa uzembe ni kitu kingine. Petro aliyaona haya mapema. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatuonya mtu asiteswe kwa wizi wala kwa kujiingiza katika mambo ya watu wengine. Ukifika saa tatu kwa sababu mkesha uliisha alfajiri, umechelewa, basi. Waliomwonea wivu Danieli walipekua kazi yake yote wakakosa kosa, ndipo wakaenda kumtafutia kwenye sala zake. Mafaili yenu yakipekuliwa leo, watahitaji kufika kwenye sala?

2. Jitambulishe siku ya kwanza. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja ni Mwislamu, na kila siku adhuhuri ikiingia anafunga faili na kwenda kuswali. Hakuna anayemcheka. Alianza hivyo tangu wiki aliyoripoti, watu wakazoea kama wanavyozoea saa ya ukutani. Anayeanza kuomba mwezi wa saba ndiye anayeulizwa kulikoni.

3. Usisaini kwanza halafu ukatubu baadaye. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2008 nilikuwa na miezi mitano kazini. Tulipelekwa ukaguzi vijijini, watu wanne na dereva. Safari ilikuwa ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi. Mimi kama mdogo ndiye niliyebeba karatasi zote: orodha ya posho, risiti za mafuta, marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha tulizopewa kwa safari. Jumatano usiku tulikaa nyuma ya gesti, tumezunguka jiko la makaa tukisubiri nyama. Kiongozi wa msafara akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba tutaandika tumerudi Jumamosi. Wenzangu wakaitikia. Kilichobaki kilikuwa kitabu cha safari za gari, maana hicho hujazwa na dereva, na tarehe zake lazima zilingane na zangu.

Dereva wetu alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, mtu mpole, mikono mikubwa. Alikuwa anageuza nyama. Akasema, "Gari likirudi Alhamisi, bosi, nitaandika Alhamisi."

Wakamcheka. Wakamwita Baba Askofu, wakamuuliza kama mbinguni kuna gereji. Yeye hakujibu. Aliinua macho akaniangalia mimi, kwa sababu asubuhi ile tuliomba pamoja kabla ya kuwasha gari, na alijua mimi ni wa kwaya. Kiongozi akaona alikotazama. Akanigeukia, "Na wewe mtumishi? Na wewe ni wa hukohuko?"

Nikasema, "Hapana bosi, mimi nasali kawaida tu."

Kicheko kikapanda, na mimi nikacheka nao. Mzee akarudisha macho kwenye makaa. Sikuwekewa bunduki kichwani, wala hakuna aliyenitishia kazi. Niliogopa kicheko cha watu watatu wanaosubiri nyama. Injili ya Yohana inataja moto wa makaa mara mbili, pale Petro alipomkana Bwana na pale ufukweni Bwana alipomwandalia samaki, na hadi leo nikisoma sura hizo nasikia harufu ya usiku ule.

Nikasaini. Posho ya siku mbili za uongo kwangu ilikuwa shilingi 90,000. Jumapili nikatoa fungu la kumi, 9,000, ndani ya bahasha yenye jina langu.

Mzee aliandika Alhamisi. Hawakuweza kumfukuza, ila hakupangiwa safari tena. Akapewa gari la maji, kazi isiyo na posho hata senti, naye ana watoto wawili sekondari. Nilikuwa nampita getini kila asubuhi, nikimsalimia "Shikamoo mzee" huku natazama viatu vyangu. Miaka mitatu! Nilizirudisha zile fedha kwa kukatwa mshahara baada ya kumweleza mhasibu ukweli, na karipio la maandishi nililipata, lakini hilo lilikuwa jepesi kuliko kwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimkuta uani akimenya ndizi. Nikaeleza yote. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi, akakifuta kisu kwenye gunia, akasema, "Mwanangu, sikukutazama ili nikuhukumu. Nilikuwa naogopa. Nilitafuta mtu wa kuogopa naye."

Ninyi mnadhani mkijificha mnajiokoa wenyewe tu. Kuna mtu mwingine mezani anatafuta wa kuogopa naye.

4. Kwa hiyo tafuta wa pili, hata kama dhehebu lake siyo lako na pambio zake huzijui. Jina la walokole, mnaloitwa huku watu wanabinua midomo, lilitoka Kiganda, balokole, yaani waliookoka, na wazee wetu wa uamsho walichekwa nalo kabla yenu. Mwaka 1941 kule Mukono, Uganda, wanafunzi 26 wa chuo cha kanisa, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa chuoni kwa sababu hawakukubali kuacha kuomba alfajiri na kuhubiri. Chuo cha kanisa, siyo cha wapagani! Msishangae basi anayewacheka zaidi akiwa mtu mnayekutana naye kwenye kwaya. Lakini hesabuni vizuri: walitoka 26, hakutoka mtu mmoja na mkoba wake.

5. Ukiulizwa, jibu kwa upole na kwa maneno machache, kisha endelea na kazi.

6. Karatasi yoyote ya posho, soma tarehe kabla ya kiasi.

Kijana wa spika, nunua visikilizio, na kesho mwombe radhi mkuu wako. Usimwekee aya yoyote ndani ya hiyo radhi.

Na wewe binti wa mkoba, huwa nakula saa saba na nusu, meza ya dirishani, karibu na ndoo ya kunawia. Jumatatu njoo na sahani yako. Mimi nitaomba kwa sauti, wewe utasema amina.