Namwamkia shikamoo, kisha namwambia azime mashine

Mdogo wangu kafungua saluni Mwanjelwa, Mbeya. Ana wasichana wanne. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku, sauti imejaa hasira. "Dada, wamenizoea. Nikisema kitu wanacheka." Nikamuuliza: siku ya kwanza walipochelewa, nani alianza kucheka? Akanyamaza kidogo. "Mimi," akasema.

Tuliongea mpaka salio likaisha, na kesho yake nikaona bora niandike, maana hayo ya saluni nimeyapitia mimi kwenye vumbi la mbao.

Nina kiwanda kidogo cha kuranda mbao hapa Mafinga, upande wa Kinyanambo. Nilianza na mashine moja na watu watatu. Leo tuko kumi na wawili, na mimi nikiwemo. Kazi yetu ni mbao za mti wa msindano tu: tunaranda, tunakata mbili kwa nne na mbili kwa sita za kenchi, lori likija tunapakia. Kati ya wafanyakazi wangu yumo mzee anayenoa misumeno, rika la marehemu baba. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu "marahaba mwanangu", na nusu saa baadaye huyo mwanawe anamwambia azime mashine kwa sababu kinga ya mkanda imeachwa wazi. Hakuna aliyenifundisha namna ya kufanya hayo mawili kwa mdomo mmoja. Nimejifunza kwa hasara.

Mwanzoni nilikuwa bosi mshikaji. Mchana tunakula wote kwa mama ntilie, sahani moja ya mboga katikati. Nilikuwa nimetoka kuajiriwa mahali ambapo bosi alikuwa hajui hata majina yetu, na nilijiapiza sitakuwa kama yeye. Fundi wangu wa mashine tulisoma naye shule ya msingi, tukichapwa pamoja kwa kuchelewa namba. Hivyo alipoanza kuchelewa Jumatatu, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, nilimtania tu. "Fundi, leo mianzi imekushika?" Anacheka, nacheka, wote wanacheka. Akaniambia ulanzi ni juisi ya Iringa. Kweli ukigemwa asubuhi ni mtamu kama juisi, ila huo anaokunywa yeye Jumapili jioni umeshachacha vya kutosha.

Nilichokuwa sikioni ni macho ya wengine. Kulikuwa na kijana mmoja, miaka 22, mgeni, ana bidii, anamwangalia Fundi kama mwalimu. Akaanza naye kuja saa tatu. Akaanza na mengine aliyoyaona kwa Fundi: kusukuma kipande kifupi kwa mkono mtupu badala ya kutumia kijiti cha kusukumia. Niliona mara mbili. Mara ya kwanza nikasema "we kijana, vidole hivyo utavaa pete wapi?", tukacheka. Mara ya pili nilikuwa kwenye simu na mteja.

Mara ya tatu mashine ilichukua ncha ya kidole cha shahada.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, mkono umefungwa kwa kanga yangu. Njiani alikuwa anarudia neno moja: "Dada, nisamehe." Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba msamaha mimi! Na wakati huo sikuwa nimejiandikisha kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo matibabu niliyalipa mfukoni, na siku alizolala nyumbani nilizilipa pia. Mchango wa Mfuko huo ni nusu shilingi kwa kila shilingi 100 za mshahara, analipa mwajiri. Nusu shilingi. Kama una mashine yoyote inayozunguka, hata ya kusaga karanga, acha kusoma hapa uende ukajiandikishe, makala itakusubiri.

Baada ya hapo nikageuka askari. Waliopita kambi ya JKT hapa Mafinga wangenitambua. Nikaacha kula nao. Salamu ikawa ya juu juu. Nikaweka faini ya kuchelewa, elfu mbili kila mara, nakata kwenye mshahara. Nilidhani ndiyo madaraka hayo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sheria hairuhusu kukata mshahara wa mtu hivi hivi: ama iwe sheria imeamuru, ama yeye akubali kwa maandishi, na hata kwa kitu alichoharibu, baada ya kusikilizwa, makato hayazidi robo ya mshahara wake. Ile elfu mbili yangu ilikuwa hasira tu iliyovaa suti.

Kiwanda kikawa kimya. Wenye biashara wenzangu wakija wananisifu, "kwako kuna nidhamu." Wiki ya tano mota ikaungua. Fundi wa umeme alipoifungua akaniuliza, "Hawa watu wako hawakusikia beringi inalia?" Walisikia. Ilikuwa inalia siku nne. Kila mmoja alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kuniambia, asije akaulizwa kwa nini. Kusuka upya mota ile kulinigharimu zaidi ya faini zote nilizokusanya, na nilizirudisha zote.

Watu husema mazoea huleta dharau. Mimi siamini sana. Dharau kwangu ilitokana na kunyamaza kwangu, tena kunyamaza kwa kucheka, ambako ni kubaya zaidi kwa sababu aliyekosea anadhani umekubali. Nilikuwa naweka neno la Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa linatoka na wenzake kumi. Ukimuuliza mfanyakazi yeyote atakuambia bosi mkali anavumilika. Asiyevumilika ni yule ambaye hujui leo ameamka na sura gani.

Kwa hiyo siku hizi nasema siku ile ile. Jambo dogo, sauti ndogo, pembeni. Nyuma ya rundo la mbao za mbili kwa sita ndiyo ofisi yangu ya mambo hayo. Mtu akiona naelekea huko anajua. Dakika tatu haziishi.

Mazungumzo magumu kuliko yote yalikuwa na Fundi. Mara ya kwanza niliyaharibu. Nilianza hivi: "Fundi, watu wanalalamika kuwa unachelewa." Hapo hapo akataka kujua watu gani. Siku mbili akawa anawatafuta, kiwanda kizima kikawa kinanuniana, na kuchelewa kukabaki palepale. Nilijificha nyuma ya watu kwa sababu niliogopa kumpoteza rafiki. Mara ya pili nikamwambia: "Mimi nimeona. Jumatatu tatu, saa tatu na robo. Mashine inawashwa saa mbili. Urafiki wetu hauhusiki na saa hiyo, na sitaki uhusike." Alikasirika. Wiki nzima aliniita "Bosi", neno ambalo hakuwahi kulitumia, na alilitamka kama mtu anayetema kokwa. Nililiacha lipite. Wiki ya pili likarudi "Dada".

Mdogo wangu aliponiuliza, "na ikiwa hatarudi kuniita dada?" nikamwambia basi utaitwa bosi na saluni itafunguliwa saa mbili. Hakupenda jibu hilo.

Kwa mzee ni tofauti, na hapa ndipo vitabu vingi vya uongozi vinapotuacha sisi watu wa huku. Mzee huwezi kumpeleka nyuma ya rundo la mbao kama kijana. Namfuata alipokaa, nakaa na mimi, hata kwenye gogo. Namuuliza habari za nyumbani, na za shamba, maana amepanda miti yake ekari mbili na anaipenda kuliko watu. Kisha: "Baba, naomba ile kinga isitolewe mashine ikiwa inazunguka." Neno ni naomba. Ila mzee anajua, na mimi najua, kwamba ombi hilo halina mlango wa pili. Adabu ya lugha haipunguzi uzito wa agizo. Kwa mtu mzima inauongeza, kwa sababu umemwachia heshima yake mkononi na sasa ni kazi yake kuilinda. Simrekebishi mbele ya vijana. Isipokuwa hatari. Mkono ukikaribia msumeno napiga kelele "Zima!", awe mzee, awe mteja, awe mchungaji aliyekuja kununua mbao za kanisa. Shikamoo na pole zitakuja mashine ikishanyamaza. Hilo nililisema wazi siku moja wote wakiwepo, ili siku likitokea asione nimemvunjia heshima.

Utani nao una sheria zake, na sisi tunazo tangu zamani. Dereva wetu ni Mngoni, wengi humu ni Wahehe, kwa hiyo kutwa ni maneno ya mbwa na mishikaki na nani alimkimbia nani vitani. Naupenda sana huo utani, unasogeza siku za Juni ukungu ukiwa haujaondoka mpaka saa nne. Lakini angalia: mtani akikurushia, unamrudishia, tena kwa nguvu. Bosi akirusha, nani atarudisha? Yule kijana wa pete angeweza kunijibu nini? Tangu siku hiyo sitanii kuhusu kazi ya mtu, mwili wake, wala mfuko wake. Nataniwa zaidi kuliko ninavyotania, na mwandiko wangu mbaya ndio unaowalisha utani.

Sasa kuna ule urafiki ambao ni wizi wenye adabu. Lori linafika saa moja jioni, dereva anataka kuondoka usiku huo kwenda Dar es Salaam, na mimi nasema kwa sauti tamu: "Jamani, sisi ni familia, tumalizie." Nilisema hivyo kwa miaka. Mpaka mpakiaji mmoja akanijibu, kwa upole tu, "Dada, familia yangu iko nyumbani inanisubiri." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada ni kwa makubaliano na zinalipwa mara moja na nusu. Siku hizi lori likichelewa nauliza nani anabaki, naandika majina, nalipa. Neno familia nimeliacha kwa ajili ya misiba na harusi, na huko nachanga kama mtu mwingine yeyote.

Kukopa mshahara ndiko kunakoua urafiki kwa siri. Nilikuwa natoa mfukoni, huyu elfu kumi, yule elfu thelathini, bila kuandika, na mwisho wa mwezi tunatazamana kama majirani waliogombania mpaka. Sasa kuna daftari, kuna tarehe 15, na kuna kiwango ambacho hakivukwi. Anayekopa anasaini. Mgonjwa au msiba hausubiri tarehe 15, ila unasubiri saini. Wengine waliniona nimekuwa mgumu, na bado wapo wanaoniona hivyo.

La kufukuza nitalisema kwa haraka kwa sababu bado linaniuma. Nilimfukuza mtu kwa simu, usiku, kwa hasira, na wala sikukosea kuhusu kosa lake. Nilikosea namna. Sheria inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, vyote viwili: aelezwe kosa, apewe muda wa kujiandaa, asikilizwe akiwa na mwenzake wa kumsemea. Kanuni za 2007 zimeeleza hatua kwa hatua. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Yule wangu alipeleka ndani ya wiki mbili. Tulimalizana kwenye usuluhishi, nikalipa. Kwenye korido tulisalimiana vizuri tu, akaniuliza kama mota ilipona.

Yule kijana wa kidole yupo bado. Ndiye anayewafundisha wageni kutumia kijiti cha kusukumia, na hahitaji kusema maneno mengi, anawaonyesha mkono.

Na Fundi? Machi mwaka huu, Jumatatu, simu yangu iliita saa kumi na moja alfajiri. "Dada, jana nilizidisha. Leo sifai kwenye mashine." Nilikaa kitandani nikiangalia ile simu. Nikamwambia anywe uji, aje saa nne, apange mbao, na hayo yote nitayaandika. Akaja saa nne kasoro. Nikafungua daftari, nikaandika kama nilivyosema, nikamgeuzia asaini. Akaliangalia muda mrefu, akachukua kalamu, akaniuliza hapo nimeandika onyo au nimeandika ohio.

Akasaini, akaenda kupanga mbao.