Ametolewa tonsili: anywe nini, ale nini?

Wasomaji wanauliza, meza ya afya inajibu

Mwanangu ana miaka 6 na uzito wa kilo 20. Alitolewa tonsili Jumatatu. Siku mbili za mwanzo alikunywa maziwa na kula aiskrimu vizuri tu. Leo ni siku ya nne, hataki kitu, hata maji anayatema, na analia kwamba sikio linamuuma. Nimemmulika kooni nikaona utando mweupe, na mdomo unanuka. Kidonda kimeoza? Nimpe chakula gani? — Mama wa watoto wawili, Morogoro

Mama, pole na uuguzi. Kidonda hakijaoza. Huo utando ni kigaga. Kigaga cha gotini hukauka kikawa cheusi, lakini cha kooni kinalowa mate muda wote, ndiyo maana kinakuwa cheupe au cha manjano, na harufu inatoka humo humo. Usikikwangue wala usikipake kitu. Sikio nalo ni zima: koo na sikio vinatumia mshipa mmoja wa fahamu, basi koo likiuma mtoto anaonyesha sikio. Siku ya nne kuwa mbaya kuliko ya kwanza ni jambo la kawaida. Kati ya siku ya tatu na ya saba maumivu hupanda, kisha hushuka, na wengi hupona ndani ya siku 10 hadi 14.

Kwa leo sahau chakula, shughulika na maji. Mtoto anaweza kula kidogo kwa siku kadhaa bila kudhurika, lakini asipokunywa koo linakauka, kigaga kinakakamaa na kupasuka, maumivu yanazidi, naye anazidi kukataa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, na mililita 50 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata. Ukimwekea bilauri iliyojaa atakimbia. Mpe vijiko vikubwa viwili kila robo saa. Hizo ni kama mililita 30, na kwa saa 12 zinakaribia lita hiyo na nusu. Maziwa, uji mwepesi, supu iliyochujwa na maji ya dafu vyote vinahesabika. Usisubiri aseme ana kiu, hatasema.

Mkojo ndio utakaokuambia kama maji yanatosha. Akikojoa kila baada ya saa sita hadi nane, na mkojo si wa njano iliyokolea, mko salama. Zikipita saa 12 bila mkojo, au akiwa mlegevu na midomo imekauka, mrudishe hospitali, huenda akahitaji dripu. Mrudishe pia homa ikizidi nyuzi 38.5.

Sasa dawa, kwa sababu kosa la nyumba nyingi liko hapa: mtoto anapewa dawa akishaanza kulia. Mpe kwa saa, alie asilie. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo wako anapata miligramu 300 kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku nzima. Kama chupa yako imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hizo ni mililita 12.5. Soma chupa kwanza, maana zipo zenye nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Subiri nusu saa baada ya dawa, ndipo ulete uji. Usiku mwamshe mara moja kwa dawa na maji, kwani anayelala mdomo wazi huamka koo limekauka kabisa. Ibuprofeni mpe tu ikiwa daktari aliyempasua ameiandika. Aspirini hapana kabisa. Dawa yenye kodeini nayo hapana: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa watoto waliotolewa tonsili, kwa sababu miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini haraka mno, na pumzi ikapungua hadi hatari.

Akianza kumeza, anza na uji wa ulezi. Tatizo la uji ni kwamba mwepesi hauna nguvu, na mzito haupiti. Bibi zetu walikuwa na dawa yake: kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito kwa vijiko vikubwa vinne vya unga katika nusu lita ya maji au maziwa, uive kwa dakika 10 hadi 15. Epua, uache upoe kidogo usiwe unatokota, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utauona unalegea na kuwa wa kunyweka, kwa sababu kimea kinaikata wanga, na unga wote bado umo ndani. Ukitia kimea uji ungali unachemka hakifanyi kazi, kimeungua. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke dakika mbili kuua vijidudu, tia sukari na siagi kidogo, uache uwe vuguvugu. Tone likianguka kwenye kifundo cha mkono wako lisikuchome. Ndimu na ukwaju acha, hata kama ndivyo anavyoupenda, na uji uliochachushwa subiri wiki ya tatu. Uchachu kwenye kidonda kile ni kama chumvi kwenye jicho.

Mtori uliopondwa hadi ukose mabonge unafaa sana, na bokoboko pia, mradi usiwe na pilipili manga. Viazi vya kuponda na maziwa, yai la kuvurugwa laini, parachichi lililosagwa na maziwa, papai bivu, wali uliopikwa kwa maji mengi, vyote sawa. Mchuzi wa nyanya hapana, wala chungwa, nanasi, pasheni na ubuyu. Aiskrimu mpe bila wasiwasi, ubaridi wake hufisha ganzi kidonda, ila isiwe na karanga ndani. Maziwa yakimwachia ute mzito mdomoni, mpe funda la maji baada yake, hakuna haja ya kumnyima. Na kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii: usimpe juisi ya rozela wala soda nyekundu. Akitapika hutajua kama ni juisi au damu.

Nina miaka 29, nimetolewa tonsili wiki iliyopita. Daktari wangu alisema nile chakula cha kawaida, hata mkate mkavu. Jamaa yangu aliyefanyiwa hospitali nyingine aliambiwa vyakula laini tu kwa wiki mbili. Nani yuko sahihi? Halafu leo asubuhi nimetema mate yenye michirizi ya damu. — Kaka wa Nakuru

Tuanze na damu, kaka. Hatari ya kutoka damu ina vipindi viwili: saa 24 za kwanza, na kati ya siku ya tano na ya kumi, vigaga vinapobanduka. Wewe uko katikati ya kipindi cha pili, na watu wazima hutoka damu zaidi ya watoto. Michirizi iliyokoma yenyewe, mpigie daktari leo leo umweleze. Lakini ukitema damu mbichi, ikawa kijiko au zaidi, au ikaendelea, usisubiri. Keti wima, inamisha kichwa mbele, tema usimeze, sukutua taratibu kwa maji ya barafu, na uwe njiani kwenda hospitali. Usile wala usinywe kitu, kwani huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji na nusu kaputi inataka tumbo tupu. Usitie kidole wala kitambaa kooni. Kwa mtoto, anayemezameza mate mara kwa mara usingizini au anayetapika kitu kama machicha ya kahawa, huyo anavuja damu ndani.

Kuhusu chakula, madaktari wako wawili hawapingani sana kama inavyoonekana. Hospitali nyingi za Uingereza huwaambia wagonjwa wale kawaida, wengine hata mkate wa kuchoma, kwa hoja kwamba kutafuna kunaifanyisha kazi misuli ya koo isikaze. Wengine huogopa kitu kigumu kukwangua kigaga. Fuata aliyekupasua, yeye ndiye aliyeona kidonda chako. Sisi tungechukua njia ya kati: tafuna, lakini tafuna kitu kinacholainika mdomoni. Chapati iliyochovywa kwenye mchuzi usio na nyanya wala pilipili ni sawa, vivyo hivyo tambi na ugali laini na mrenda. Krispu, bisi, mahindi ya kuchoma, kashata, mihogo ya kukaanga na samaki mwenye miiba midogo viache hadi zitimie wiki mbili. Mrija acha pia, kikombe kinatosha. Wapasuaji wengi huukataza kwa hofu ya mvuto wake, na hupotezi kitu kwa kuukosa. Bia, sigara na shisha hapana kwa wiki hizo mbili. Kiasi chako cha maji ni lita mbili hadi tatu kwa siku, na chai iwe bila tangawizi.

Nitafanyiwa upasuaji wa tonsili siku kumi kabla ya Ramadhani. Nikifunga nitadhurika? — Dada wa Unguja

Dada, siku ya kwanza ya mfungo itakukuta ndani ya kile kipindi cha kubanduka vigaga, na saa 13 bila tone la maji ndicho kitu koo lako lisichokitaka. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, hilo unalijua kuliko sisi. Mwombe daktari akuangalie baada ya wiki mbili, ndipo uanze. Utakapoanza, jihadhari na futari. Uji wa pilipili manga utakuchoma, na kachori na sambusa zina ukoko mkavu. Shurba iliyopoa, tambi za maziwa na ndizi mbivu za nazi zitapita. Tende zitolewe kokwa, zirowekwe kwenye maziwa hadi zilainike. Daku usiikose, na kati ya futari na daku unywe lita mbili kidogo kidogo, si zote kwa mkupuo mmoja.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa goita, tezi yote ikatolewa. Naye ale laini tu? Amepewa vidonge vya kalsiamu na levothairoksini. — Njombe

Kwa mama shida si kidonda cha kumezea, kwa kuwa upasuaji wake umepita mbele ya shingo. Koo litakwaruza siku chache kwa sababu ya mpira wa nusu kaputi, basi ale laini siku hizo, kisha arudi kwenye chakula chake. Hata nyanya na ndimu hazimdhuru.

Cha kuangalia ni kalsiamu. Nyuma ya tezi ile kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazopanga kalsiamu ya damu, na upasuaji unaweza kuzishtua. Akihisi ganzi au mchomo kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, hasa siku tatu za mwanzo, au misuli ikikaza, aende hospitali siku hiyo hiyo. Dagaa waliosagwa kwenye mchuzi, maziwa na mtindi vinasaidia, ila havichukui nafasi ya vidonge.

Vidonge hivyo viwili havipatani. Levothairoksini, ile inayoziba pengo la tezi iliyotolewa, anywe alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu, na asubiri nusu saa hadi saa moja ndipo apate chai ya maziwa. Kalsiamu iwe angalau saa nne baadaye: akimeza ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, kalsiamu aimeze kuanzia saa nne asubuhi, pamoja na chakula.