Moshi Unafuka au Umetanda?

SWALI: Ninatafsiri maelezo ya picha za setilaiti za Juni 2023, wakati moto ulipokuwa ukiteketeza misitu ya Quebec, Kanada. Niliandika: "Moshi wa moto wa nyika unafuka New York." Mhariri amekata "unafuka" akaweka "umetanda", bila kunipa sababu. Je, vitenzi hivi si visawe? Na je, naweza kusema "wingu la moshi"? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si visawe, ndugu msomaji, na mhariri wako amekuokoa na kosa la habari, si la lugha tu.

Kufuka ni kutoka. Moshi hufuka mahali: jikoni, kwenye tanuri la mkaa, kwenye majivu yaliyodhaniwa yamezimika. Mtu akiambiwa "kule jikoni kunafuka moshi", huinuka kwenda kutazama moto. Ndiyo maana tukaambiwa panapofuka moshi pana moto. Kutanda ni kuenea na kufunika, kama mawingu yanavyotanda kabla ya mvua. Chanzo kinaweza kuwa mbali kabisa.

Tazama jiko la makuti alfajiri, kuni zikiwa mbichi. Moshi unapenya kwenye makuti nyuzi nyuzi, mpaka paa zima linaonekana kama linapumua. Hapo unafuka. Pasipo na upepo, baada ya muda utaukuta umelala juu ya mtaa mzima, hata juu ya nyumba ya jirani ambaye bado hajawasha jiko. Hapo umetanda. Jirani huyo ana moshi, lakini moto hana.

New York ya tarehe 7 Juni 2023 ilikuwa nyumba ya jirani huyo. Anga liligeuka rangi ya chungwa na watu wakarudia barakoa, ilhali miti iliyokuwa ikiungua ilikuwa mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Sentensi yako iliuwasha moto New York kwenyewe. Sema: "Moshi uliofuka Quebec umetanda New York." Kwa vitenzi viwili umeeleza safari nzima. Mwishoni mwa mwezi huo moshi wa Kanada ulivuka hata Atlantiki ukafika Ulaya, na huko nako ulitanda tu.

Setilaiti nazo hutazama mambo haya mawili kwa njia mbili. Vihisi vya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, hunasa joto la moto, yaani pale moshi unapofuka, hata kama moshi wenyewe umepafunika. Picha za mwanga wa kawaida huonyesha ulikotanda. GOES-16, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, wakati huo ilikuwa takribani kilomita 35,800 juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia, hivyo iliutazama upande uleule wa Amerika muda wote na kutoa picha mpya kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo. Ukizipanga picha hizo mfululizo, unauona moshi ukitiririka. Kazi hiyo ni kufuatilia, si kufuata: anayefuata huenda nyuma ya kitu, anayefuatilia hukiandama hatua kwa hatua asikiachie.

"Wingu la moshi" ni Kiswahili safi, sawa na wingu la vumbi. Ila katika picha zenye mawingu ya kweli pembeni, mimi ningeliepuka. Mchambuzi wa picha hizo hujitahidi kutenganisha vitu hivyo viwili: wingu zito ni jeupe na huificha ardhi, moshi huelekea ukijivu au ukahawia, na ukiwa mwepesi unaona maziwa na mito chini yake. Usimchanganyie tena kwa neno. Unapotoka kwenye moto ukiwa mwembamba na mrefu, uite mkondo wa moshi. Ukishasambaa, uite utando wa moshi. Neno hili nalipenda sana: ni mtoto wa kutanda, na ndilo tunalotumia kwa utando wa buibui, kitu kinachofunika huku jicho likipenya. Ukungu uache, maana huo ni matone ya maji.

Kuna jambo ambalo mhariri hakuligusa. Nyika ni eneo kavu la wazi, la majani na vichaka. Kule Quebec iliungua misitu minene, mingi ikiwa ya miti jamii ya misonobari. Huo ni moto wa msituni.