Kabla hujashika koleo: kwa mnaoanza kutibu vinywa vya watoto

Wadogo zangu mnaoripoti hospitali za wilaya na vituo vya afya, wagonjwa wenu wengi wa mwanzo watakuwa watu wazima wenye jino linalouma. Ganzi, koleo, pamba, mwingine aingie. Mkono huzoea mwendo huo upesi, halafu siku moja anapakatwa mbele yako mtoto wa miezi mitano, na mwendo ule haufai kabisa. Kwa mtoto, hali ambayo ni ugonjwa katika umri fulani ni ya kawaida katika umri mwingine. Kwa hiyo anza na umri, na kwa mchanga uhesabu kwa miezi. Omba kadi ya kliniki usome mwenyewe tarehe ya kuzaliwa, usiridhike na "anakaribia mwaka".

Vichanga watakufundisha kutulia. Mama ataona vipele vyeupe vigumu kwenye kaakaa au juu ya ufizi aogope. Vingi ni vifuko vidogo visivyo na madhara, na huondoka vyenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Usivitumbue. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ni jambo jingine: futa taratibu kwa shashi safi. Maziwa yanatoka kirahisi. Utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukitoka huacha pekundu. Hapo mtoto apewe nistatini ya matone, na chuchu za mama nazo zitibiwe, la sivyo wataendelea kuambukizana. Utando ukirudirudi au ukikataa dawa, zungumza na mama kwa faragha kuhusu kipimo cha VVU.

Wapo pia wanaozaliwa na jino. Mara nyingi huwa ni la mbele chini, na karibu kila mara ni jino halisi la utoto lililowahi, si la ziada. Ukiling'oa, pengo litakaa hadi jino la kudumu liote, kwenye miaka sita au saba. Liguse kwa kidole chenye glavu. Kama limeshika na mtoto ananyonya vizuri, liache. Kama linachezacheza kiasi cha kuhofia litang'oka na kuingia njia ya hewa, litoke, lakini kwanza uliza kama mtoto alichomwa vitamini K alipozaliwa. Kama hakuchomwa, achomwe kwanza, au kama hali inaruhusu subiri apite siku kumi. Na kama lina makali yanayochubua chini ya ulimi, kulisaga kidogo ncha mara nyingi kunatosha.

Sasa nije kwenye hili linaloniuma zaidi: meno ya plastiki. Mtoto wa miezi minne hadi minane ana homa, anaharisha, analia usiku. Bibi anapitisha kidole kwenye ufizi, anakuta uvimbe mweupe pale chonge itakapoota, na jirani anasema hayo ndiyo "meno ya plastiki" yanayomuumiza, yatolewe. Anaitwa mtu mwenye wembe, au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachimbua kitu cheupe laini na kuonyesha watu ushahidi wake. Kitu kile ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa. Ilitakiwa iote kati ya miezi 16 na 22. Mdenmarki Jens Pindborg aliandika habari za desturi hii kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda mwaka 1969, na Waganda wengi huiita ebino. Huku kwetu bado ipo, na familia zilizosoma nazo zimo.

Madhara ya karibu unayajua: damu nyingi kwa kiumbe mdogo ambaye tayari amepungukiwa maji, pepopunda, maambukizi kwenye damu, VVU kupitia kifaa kilichopita vinywa vingi. Ya mbali ndiyo yatakayokuja kwako miaka kumi baadaye. Kikonyo cha chonge ya kudumu, yaani chipukizi la jino ndani ya ufizi, kinakua jirani kabisa na kile kilichochimbuliwa. Kikijeruhiwa, jino litaota na gamba lenye mashimo ya kahawia, au litaota kombo, au halitaota. Meno ya jirani yanasogea kwenye pengo, mstari wa katikati unahamia upande mmoja, na mtoto anahitaji vyuma vya kupanga meno ambavyo wazazi wake hawana uwezo wa kuvilipia.

Mtoto wa namna hiyo akiletwa kabla hajakatwa, usianze na hotuba. Msalimie bibi, shikamoo, kisha mwombe akuonyeshe kwa kidole chake pale alipoona. Mwambie ameona kweli, uvimbe upo. Halafu, kama wamekuja na kaka au dada wa mtoto, mpandishe kwenye kiti, mwashie tochi, mwonyeshe bibi chonge: "Bibi, jino hili hapa, kwa huyu mdogo bado limelala ndani ya ufizi. Ndilo lile uliloligusa." Nimeona nyuso zikibadilika kwa dakika hiyo moja kuliko kwa mabango yote ukutani. Na kama kaka mtu alichimbuliwa, pengo lake na jino lake lenye mashimo yatasema yenyewe; wewe usimseme mama mbele za watu.

Kisha tibu ugonjwa uliomleta, maana ukimrudisha nyumbani akiwa bado anaharisha, wembe utamngoja. Angalia macho kama yamedidimia, finya ngozi ya tumbo, uliza anavyonyonya na anavyokojoa. Mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyefikisha miezi sita na kuendelea. Mpeleke wewe mwenyewe kwa daktari wa watoto au tabibu wa zamu, usimwelekeze tu mlango kwa kidole. Wengine watakwambia hiyo si kazi ya idara ya meno. Mimi nasema ni yetu kabisa.

Wa umri wa shule wana kosa lao linalojirudia. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka sita, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hajui kama limeota. Likitoboka anasema, "Ng'oa tu, litaota jingine." Halitaota. Hesabu meno kutoka katikati kwenda nyuma: la sita ndilo hilo. Hesabu kwa sauti, mzazi asikie, kisha lizibe kama linazibika.

Hata gego la utoto lina kazi ya kushika nafasi. La pili likitolewa kabla gego la miaka sita halijakaa, lile la nyuma litasogea mbele, na jino litakaloota hapo baadaye litakosa pa kutokea. Nafasi nyingi hupotea katika miezi sita ya mwanzo baada ya kung'oa. Ukilazimika kung'oa, siku hiyo hiyo zungumzia kifaa cha kushikilia nafasi, ile pete yenye kitanzi cha waya, au mpe rufaa kwa wanaoweza kukitengeneza. "Rudi meno yakishapangika vibaya" si ushauri.

Kunyonya kidole hakuhitaji vita kabla ya meno ya mbele ya kudumu kuota. Vivyo hivyo mwanya wa katikati kwa mtoto wa miaka minane au tisa: mara nyingi hufunga chonge za juu zikishuka, kwenye miaka 11 au 12. Ninachowaomba ni kupapasa. Akifika miaka tisa au kumi, pitisha kidole ndani ya mdomo wa juu, juu ya chonge ya utoto, utafute kivimbe cha chonge ya kudumu. Ukikikosa, au ukikipata upande mmoja tu, piga eksirei na mtafute bingwa wa kupanga meno mapema. Wakati mwingine kung'oa chonge ya utoto kwa wakati huo kunairudisha ya kudumu kwenye njia yake. Akija na miaka 15, mara nyingi ni upasuaji na vyuma kwa muda mrefu.

Mtoto ambaye, akifunga kinywa, meno ya mbele ya juu yanakaa nyuma ya yale ya chini naye asisubirishwe. Mwambie afunge mdomo taratibu uangalie kama taya la chini linateleza mbele au pembeni kabla ya kufunga kabisa. Linateleza? Rufaa sasa, siyo meno yote yakishaota.

Na rufaa iandikwe vizuri. Umri kwa miaka na miezi, meno yaliyopo na yasiyopo, lipi liling'olewa na lini, kama alichimbuliwa ufizi akiwa mchanga, na namba ya simu ya mzazi inayopatikana. Weka nakala kwenye daftari lako, na mpigie mzazi baada ya wiki mbili uulize kama walifika.