Serotonini katika damu: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Nina huzuni na sipati usingizi kwa miezi kadhaa sasa. Nikipimwa serotonini, ile kemikali ya mwili inayohusishwa na hisia, katika damu, nitajua kama nina sonona?

Marahaba. Hapana, na nakusihi usitoe fedha yako kwa ajili hiyo. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, na ikishaingia katika damu hufyonzwa na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Serotonini hiyo ya damu ndiyo inayopimwa na maabara. Ya ubongo hutengenezwa humo humo ubongoni, na kwa kuwa ile ya damu haivuki kuingia huko, kiwango chake hakiwezi kueleza hali ya moyo wako. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo ya kina kuhusu hisia, usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujiua kama yapo. Miezi kadhaa ni mingi mno. Tafadhali nenda kliniki ya afya ya akili wiki hii.

Kipimo hicho ni cha nini, basi?

Hutumika hasa kuchunguza uvimbe wa kasinoidi, aina ya saratani, ambao mara nyingi huanzia kwenye utumbo mwembamba na kumwaga serotonini kwa wingi. Ini huivunja, lakini uvimbe ukishasambaa hadi kwenye ini lenyewe, mgonjwa huanza kuwakwa na joto usoni, kuharisha na kubanwa kifua, na vali za upande wa kulia wa moyo zinaweza kuharibika. Hata hapo, madaktari wengi huagiza kwanza mkojo wa saa 24, ambamo hupimwa taka inayobaki serotonini inapovunjwa.

Nimeagizwa mkojo huo na kukatazwa ndizi na nanasi. Je, parachichi?

Acha pia, pamoja na nyanya na biringanya, kwa siku 3 au kama maabara ilivyokuelekeza, maana hupandisha majibu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, kisha kusanya wote hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Mtajie daktari dawa zako zote, ila usiache hata moja bila idhini yake.

Mke wangu anatumia fluoksetini, dawa ya sonona. Alipoongezewa tramadoli, dawa ya maumivu, alitetemeka na kutoka jasho jingi. Hospitali walisema serotonini imezidi, lakini hawakuipima. Walikosea?

Hawakukosea. Hali hiyo hutambuliwa kwa historia ya dawa na kwa kumchunguza mgonjwa: daktari husukuma unyayo juu kwa ghafla, na mguu ukipigapiga wenyewe, hiyo ni dalili nzito kuliko namba yoyote ya maabara.